Kiti Kilichopanda na Kushuka

Mwanangu ni seremala. Mkewe, mkamwana wangu, ni fundi cherehani. Nyumba yetu huku msumeno, kule cherehani, na katikati mdomo wangu.

Kisha mkamwana akaugua ugonjwa wa nadra. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kutulinda, iligeuka ikashambulia misuli yake mwenyewe. Ugonjwa huo hauambukizi. Mapaja yaliisha nguvu, kuinuka kitini ikawa shughuli. Hospitali wakampa dawa, ugonjwa ukatulia. Nguvu hazikurudi.

Mwanangu akaona tiba ni mbao. Akapigilia vipande chini ya miguu ya kiti, mkewe ainuke kwa urahisi. Nguvu zikipungua, anaongeza vipande. Mwishowe mkamwana akawa ananing'inia kama kuku juu ya kichanja, kanyagio la cherehani halifikii. Wateja wakahamia kwingine. Nasi tukamkataza hata kufagia.

Mtaalamu wa mazoezi wa kliniki aliposikia habari za kiti, akaja kukiona. Akasema misuli isiyotumika husinyaa.

"Lakini ndiyo inayoumwa," nikamwambia. "Punda mgonjwa anaongezewa mzigo?"

"Anatembezwa kidogo kidogo, bibi. Zamani hata sisi tuliogopa, tukiwaambia wapumzike tu. Siku hizi tunajua mazoezi ya kiasi yanasaidia. Dawa asiache."

Akamfundisha mkamwana kuinuka na kuketi polepole, kupumzika, kisha kutembea uani. Kila mgonjwa hupimiwa mazoezi yake, asiige ya mwenzake. Udhaifu ukizidi, pumzi ikikata au chakula kikikwama kooni, aache na awahi hospitali.

Mwanangu akauliza yeye afanye nini.

"Akiinuka bila kushika meza, ng'oa kipande kila mguu."

Nikamkumbusha asisahau mguu mmoja, akatupindulia mgonjwa.

Kung'oa kulichukua muda kuliko kupigilia. Kuna wakati kiti hakikushuka kabisa, mwanangu akarudisha koleo sandukuni. Lakini kilishuka.

Leo asubuhi nimesikia cherehani. Nikaingia, nikaketi, nikamwomba mkamwana maji ingawa sikuwa na kiu. Akainuka bila kushika kitu.

"Umeridhika, mama? Haya, inuka na wewe."

Nikatafuta pa kushika. Nikamwita mwanangu, nikamuuliza vile vipande amevitupa wapi.

"Havitafutwi, mama," akasema mkamwana, akinisogelea. "Inuka polepole. Niko hapa."