Hereni za Nalangu

Nalangu alirudi nyumbani jioni, miguu ikimuuma. Kutwa nzima alikuwa akiuza shanga kando ya barabara ya kwenda Ngorongoro. Alimmiminia mumewe, Lembris, chai. Lembris hakuigusa.

"Leo nimepita Karatu, nikitoka mnadani," alisema. "Nimeona picha yako kwenye bango la hoteli. Huna surutia, Mama Simel."

Nalangu aligusa masikio yake. Surutia ni hereni za shaba za mwanamke aliyeolewa. Kwa Wamaasai, mke hazivui mumewe akiwa hai. Akizivua, watu husema amemwacha. Na kweli, pale mnadani wenzake Lembris walikuwa wamemuuliza mke ameondoka lini.

Nalangu alieleza yote. Siku moja mpiga picha wa hoteli alimkuta barabarani amechoka, jua limemchoma. Alimwambia avue hereni, afiche simu, abebe kibuyu na acheke. Alitaka picha ya msichana wa zamani, si mama wa watoto mwenye biashara yake. Nalangu alikubali ili mtu yule aondoke, naye apumzike.

"Yule wa kwenye bango simjui," Lembris alisema, akatoka nje.

Maneno hayo yalimuuma Nalangu. Yalimuuma zaidi kwa sababu hata yeye hakumjua mwanamke yule.

Asubuhi alikwenda kwa Evelyn, afisa maendeleo ya jamii wa kata. Evelyn alimsikiliza bila kumlaumu. Alisema picha kama hizo zimejaa kila mahali. Mwanamke amebeba kuni, mwanamke anacheka, utadhani hana jina wala kazi. Watu wakiziona kila siku, huamini wanawake ndivyo walivyo.

"Uso wako ni wako, mama," Evelyn alisema. "Hata sheria inalinda taarifa za mtu, na picha yako ni mojawapo. Kabla hujapigwa picha, uliza. Picha ni ya nini? Itawekwa wapi? Itasema nini juu yangu? Usiporidhika, kataa. Na hata kama ulikubali, unaweza kurudi ukawaambia waiondoe."

"Nimechoka kusema, dada."

"Najua. Twende wote."

Meneja wa hoteli, Edgar, aliwazungusha sana. Mara yuko safarini, mara mwenye kutengeneza bango yuko Arusha. Wao wakarudi, wakarudi tena. Mwishowe Edgar alilegea, akaomba radhi, na bango likashushwa. Kisha akaomba picha nyingine.

Nalangu aliuliza maswali yake yote kwanza. Ndipo akakubali kupigwa picha mezani pake, shanga mbele yake, simu mkononi, surutia masikioni, na jina lake liandikwe chini. Walipomwambia acheke, alikataa. Siku hiyo hakuwa na cha kumchekesha.

Bango jipya lilipowekwa, Lembris alipita tena akitoka mnadani. Jioni aliketi, akavuta kikombe cha chai.

"Nimemwona mama mmoja kule barabarani," alisema. "Amechoka. Lakini huyo namjua."

Nalangu akamwongezea chai.