Mlango Uliopambwa Upande Mmoja

Kila asubuhi ya likizo, Gracieuse alifagia chumba, akakunja magodoro, akamwosha uso mdogo wake Ezéchiel, kisha akashuka kwenda kununua mkate. Waliishi ghorofa ya sita katika jengo moja la Albert Park, mjini Durban, na lifti ya jengo hilo ilikuwa imekufa tangu Krismasi. Mkate wao wa kila siku ulikuwa na jasho kweli. Getini alimsalimu mlinzi, Mrundi mmoja mrefu mwenye sauti ya upole aitwaye Juvénal. Watoto wa Kikongo wa pale walimwita Tonton, kama wanavyomwita kila mwanaume wa rika la baba zao.

"Umeamka, mwalimu wangu?" Tonton Juvénal alimuuliza kila siku.

Alimwita mwalimu kwa sababu ya Kiingereza. Juvénal alijua Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, lakini Kiingereza kilimpiga chenga. Gracieuse alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili tu, ila alikuwa amekipata shuleni tangu familia yake ilipotoka Bukavu. Msimamizi wa jengo akiwa na neno, watu waliitana kwenye ngazi, "Gracieuse iko wapi?" Naye alipenda kuitwa. Tuseme ukweli, alipenda mno.

Ilikuwa Aprili mwaka 1998, wiki ya Pasaka. Baba alikuwa kazini Cape Town na hakupata ruhusa ya kuja, lakini Jumamosi angefika Tantine Antoinette, dada mkubwa wa mama, pamoja na watoto wake kutoka Johannesburg. Hawakuwa wameonana tangu vita vilipowatawanya.

"Kule kwetu, kila Pasaka tulizungushia mlango mitende, chini mpaka juu," mama alisema huku akiosha vyombo. Mama huyu, Immaculée, alikuwa msusi saluni na mikono yake haikujua kukaa bure. "Antoinette akikuta mlango iko vile, atajua amefika nyumbani."

"Nitaupamba mimi, mama!"

"Utaupamba, lakini ngoja kwanza. Mama Libérate wa Isipingo ana mitende uani kwake. Ameahidi kuleta Jumamosi."

Jumamosi! Kwa Gracieuse hiyo ilikuwa kama mwakani. Yeye akiahidi jambo alitaka lionekane leo, na watu wamsifu leo.

Jumatano alasiri mama alirudi na mtungi wa gesi na mfuko mkubwa wa unga. Juvénal aliutazama mtungi, akazitazama ngazi, akauinua begani. Kanuni ya kazi yake ilisema mlinzi haondoki getini, naye alijua. Lakini angemwachaje mama wa watu apande na mzigo ule peke yake?

"Twende polepole, Mama Gracieuse," alisema, wakapotea ngazini.

Gracieuse alibaki uani. Katikati ya bustani ndogo palikuwa na mmea wenye shina fupi nene na majani marefu yaliyotawanyika pande zote. Kwa macho yake ulikuwa mtende, mfupi tu. Kwa nini angoje mitende ya Isipingo na mwingine uko hapa? Kibandani mwa Juvénal mlikuwa na panga la kukatia nyasi. Alilichukua, akaanza kukata.

Majani yalikuwa magumu, na ncha zake zilichoma kama sindano. Zilimchana vidole na mikono yote miwili. Hakuacha. Alikata hadi shina likabaki uchi, akaficha mzigo wake nyuma ya mapipa ya taka, akarudisha panga mahali pake. Juvénal aliposhuka akitweta na kwenda bombani kunywa maji, Gracieuse aliubeba ule mzigo akapanda mbio.

"Nani amekuletea?" mama aliuliza.

Hapo ndipo uongo wa kwanza ulipomtoka, tena bila kukwama. "Mama Libérate. Ametuma mtu."

"Mungu ambariki! Lakini mitende ya Isipingo iko na miiba hivi?" Mama alicheka, akanyonya kidole kilichochomwa. Wakaifunga kuzunguka mlango, upande wa ndani, ili watoto wa majirani wasiichezee. Mama alirudi nyuma akautazama, na machozi yakamlengalenga. Gracieuse alifurahi kuliko siku nyingi, na furaha hiyo haikumaliza hata usiku mmoja.

Alhamisi mama alipokuwa saluni, Ezéchiel alichungulia dirishani.

"Eish! Gracieuse, mti wa bustani umenyolewa!" Aligeuka, akautazama mlango, akautazama tena. "Majani yetu—"

"Nyamaza!" Gracieuse alimkemea kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua.

Mara sauti ikapanda kutoka chini. "Gracieuse iko wapi? Boss anakuita!"

Alivaa sweta la mikono mirefu, ingawa joto lilikuwa bado halijaisha, akavuta mikono yake hadi ikafunika vidole. Bwana Govender, msimamizi wa jengo, alisimama bustanini akiwa amevua kofia. Alikuwa mtu wa makamo asiyezoea kupayuka, lakini siku hiyo uso wake ulikuwa umeiva kwa hasira. Juvénal alisimama mbele yake kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Mwambie," Bwana Govender alisema kwa Kiingereza, "huu si mtende wa kukatwakatwa. Ni saikadi, mmea adimu. Baba yangu aliupanda mwaka niliozaliwa. Unaota taratibu kuliko mtu. Muulize alikuwa wapi ulipokatwa, tena kwa panga lake mwenyewe, bado lina utomvu! Au niwaite polisi wamuulize?"

Polisi! Nyumbani kwao, kwa wakimbizi wasio na pengine pa kwenda, neno hilo halikutamkwa kwa sauti. Alimgeukia Juvénal na kumweleza yote.

Juvénal alijibu taratibu, ili mtafsiri wake asipotelewe na neno. "Mwambie sikukata mimi. Mwambie jana niliondoka getini kidogo, nilikuwa nambebea mama mmoja mtungi wa gesi, ameshindwa na ngazi. Kama ni kosa, kosa langu ni hilo. Aniwie radhi."

Hakumtaja mama kwa jina. Hakutaka kumponza.

Gracieuse alifungua kinywa. Akisema mtungi wa gesi, Bwana Govender angeuliza mtungi wa nani. Angepanda hadi ghorofa ya sita. Angeuona mlango. Watu wawili walikuwa wakimtazama mdomoni, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye angejua kama amepunguza kitu.

"Anasema hajui," alisema kwa Kiingereza. "Anasema umwie radhi."

"Hajui? Basi alikuwa amelala! Mwambie Jumamosi asubuhi anirudishie funguo na sare. Nitaleta mlinzi mwingine."

Maneno hayo aliyatafsiri yote, hakuacha hata moja. Juvénal akaitikia kwa kichwa. "Asante, mwalimu wangu. Umejitahidi," alisema, akarudi kibandani.

Gracieuse alitamani ardhi immeze. Alipanda juu akajifungia bafuni, akalia na bomba likiwa wazi ili Ezéchiel asimsikie.

Siku ya Ijumaa Kuu, walipotoka kanisani, walimkuta Juvénal ameketi kwenye kiti chake akipiga pasi sare kwa kiganja.

"Habari ya siku, Tonton?" mama alimsalimu. "Jumapili tunakula pamoja, usisahau."

"Jumapili sitakuwa hapa, Mama Gracieuse. Kesho namaliza kazi. Boss amesema nililala, wakakata mti wake."

"Ulilala? Wewe? Si ulikuwa na mtungi wangu begani!" Mama alimgeukia binti yake. "Gracieuse, si wewe ulitafsiri? Hukumwambia?"

Hapo nafasi ya kusema ukweli ilikuwa wazi mbele yake. Akaipita.

"Nilimwambia, mama. Hakukubali."

"Basi kesho atanisikia mimi," mama alisema. "Nitasema kwa Kiswahili changu, na wewe utamfikishia neno kwa neno. Mtu huyu ana watoto kambini Tanzania. Kazi hii ndiyo sahani yao."

Usiku huo mama alilala, Ezéchiel alikoroma, na Gracieuse alibaki kuangalia dari. Kila alipogeuka, miiba kwenye majani ya mlango ilimkwaruza moyoni.

Jumamosi Bwana Govender alifika mapema pamoja na kijana aliyevaa sare mpya. Juvénal alikuwa ameshaweka funguo mezani kibandani. Mama alimshika Gracieuse mkono, juu ya lile sweta, akamsogeza mbele.

"Mwambie, Jumatano mlinzi wake hakulala. Alikuwa amebeba mtungi wangu wa gesi, hadi ghorofa ya sita, kwa kuwa lifti yake haifanyi kazi. Mwambie hivyohivyo, na ya lifti usiiache."

Gracieuse alitafsiri. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini maneno yalikuwa kamili. Bwana Govender alikunja uso.

"Kama ni hivyo, kwa nini hakuniambia Alhamisi? Muulize."

Gracieuse alimgeukia Juvénal. "Tonton, anauliza kwa nini hukumwambia Alhamisi."

Juvénal alimtazama, akashangaa, kisha mshangao ukamtoka usoni polepole. "Lakini nilikuambia, mtoto wangu," alisema.

Hakusema mwalimu. Mama aliuachia mkono wa binti yake.

"Amesema nini?" Bwana Govender aliuliza, akamgeukia Gracieuse. "Wewe binti, amesema nini?"

Angeweza kusema lolote. Hata sasa angeweza. Mama hakujua Kiingereza cha kutosha, Juvénal hakujua, na yule kijana wa sare mpya alikuwa akitazama barabara. Gracieuse alivuta mikono ya sweta hadi kwenye viwiko, na mikwaruzo yote ikaonekana.

"Amesema aliniambia," alijibu kwa Kiingereza, machozi yakimtiririka. "Na ni kweli aliniambia yote. Mimi ndiye niliyeyaficha. Na majani nilikata mimi, kwa panga lake, alipokuwa akimsaidia mama. Yako juu mlangoni kwetu." Kisha, kabla hajaombwa, aliyarudia yote kwa Kiswahili.

Mama hakumpiga wala hakumfokea, na hilo lilimuuma zaidi. Alipanda ngazi peke yake. Aliporudi alikuwa amekumbatia majani yote, mikono ikivuja damu hapa na pale, akayalaza chini ya lile shina.

"Mwambie," alisema, "Pasaka haiingii nyumbani kwangu kwa mlango ule."

Gracieuse alitafsiri. Bwana Govender aliutazama mti wa baba yake kwa muda mrefu. Kisha aliingia kibandani, akachukua funguo, akazitia mkononi mwa Juvénal.

"Mwambie arudi kazini. Nami namwomba radhi. Siku nyingine akimsaidia mtu, afunge geti kwanza." Akamgeukia Gracieuse. "Majani yataota, lakini si leo wala kesho. Likizo yote utafagia ua huu, uuone ukiwa hivyo kila asubuhi. Na wewe," alimwambia kijana wa sare mpya, "njoo, nina jengo jingine." Alipofika getini aligeuka. "Mwambie mama yako, lifti nimeisikia."

Mchana Mama Libérate alishuka kwenye teksi kutoka Isipingo, kichwani ana fungu la mitende. "Mvua imeniharibia mingine," alisema. "Nimepata hii kidogo tu." Kweli ilikuwa kidogo. Ilitosha upande mmoja wa mlango, kutoka chini hadi juu, na ule mwingine ukabaki mtupu. Ezéchiel alileta riboni za saluni ya mama kuujaza.

"Uacheni hivyohivyo," mama alisema.

Jioni Tantine Antoinette alipowasili na mabegi yake na watoto wake, dada wawili walikumbatiana pale kizingitini hadi watoto wakachoka kusubiri. Kisha Tantine alijifuta macho, akautazama mlango.

"Immaculée, mbona mmepamba upande mmoja?"

Gracieuse ndiye aliyejibu. Alisimulia tangu Jumatano, hakupunguza neno.

Jumapili walikula pamoja, na Tonton Juvénal akapewa sahani ya kwanza. Gracieuse aliileta mwenyewe kwa mikono miwili, akapiga goti.

"Nisamehe, Tonton."

"Nilikusamehe jana," Juvénal alisema. "Keti nikuambie kitu. Majani si neno, yataota. Lakini siku ile mimi sikuwa na Kiingereza. Nilikuwa na wewe tu. Mtu akikupa maneno yake umfikishie, amekupa na kazi yake, na jina lake, na chakula cha watoto wake. Usimwage hata tone. Hata kama tone hilo litakuunguza wewe."

"Umesikia?" mama aliuliza.

"Nimesikia, mama."

Likizo ile yote Gracieuse alifagia ua kila asubuhi kuzunguka lile shina lililo uchi. Akimaliza aliketi karibu na kibanda, akamfundisha Juvénal Kiingereza. Alianza na sentensi ambayo Juvénal mwenyewe aliichagua, naye akairudia hadi ulimi wake ukazoea: "Nilikuwa nikimsaidia mtu."