Tension ya Mama Kavuo Yafika 131

Mama Kavuo ni mshonaji wa nguo mjini Butembo. Wiki hii ameshona gauni jeupe la ubatizo wa mjukuu wake wa kwanza. Ubatizo ni kesho, huko Beni, kwa binti yake Berthe.

Mama Kavuo ana ugonjwa wa tension, yaani shinikizo la damu. Kila asubuhi anameza kidonge kimoja. Kila mwezi wanampima kwenye kituo cha afya na kuandika kwenye kadi yake: 13/8. Basi moyo wake unatulia.

Leo asubuhi mumewe, Zacharie, alirudi kutoka Kasindi na mashine ndogo ya kupima tension. Huyu mzee hawezi kuacha kitu kipya kikae ndani ya boksi. Aliifunga kwenye mkono wa mkewe, akabonyeza. Mashine ikaandika 131, na chini yake 82.

"Mama Berthe! Ilikuwa 13, sasa iko 131!"

"Yesu! Imepanda mara kumi? Mbona hata kichwa hakiniumi?"

"Hiyo njo mubaya zaidi! Beni hauendi. Meza vidonge vitatu, ulale."

Hapo hapo akampigia Berthe simu: mama ni mgonjwa sana.

Mama Kavuo alilia. Aliumia kwamba gauni litafika Beni bila yeye. Akamimina vidonge vitatu mkononi.

Jirani yao Delphine, muuguzi wa kituo cha afya aliyetumwa hapa kutoka Kinshasa, alisikia kilio akaingia.

"Hapana meza hizo, mama! Tension itashuka sana, utaanguka. Kimoja tu, vile munganga wa kituo aliandika."

"Lakini tension iko 131!" alisema Zacharie.

"Na ku kadi?"

"13."

Delphine akatabasamu. "Mama, lete metre yako ya kushonea. Santimetre 13 ni milimetre ngapi?"

Mama Kavuo hakuhitaji hata kuifungua. "130."

"Njo vile! Tension inapimwa kwa urefu wa zebaki inayopanda ndani ya kipimo. Sisi ku kituo tunaandika santimetre. Mashine inaandika milimetre. Gawa kwa kumi."

"Basi 131 ni 13 na kidogo. Na 82 ni nane na kidogo." Mama Kavuo akafuta machozi. "Iko ile ile 13/8!"

"Ile ile. Ikifika 140, mukuje mutuone. Lakini dawa, hapana kuongeza benyewe."

Mama Kavuo akarudisha vidonge viwili kwenye chupa, akameza kimoja.

"Baba Berthe, ulitaka kunizika juu ya milimetre!"

Zacharie alijifanya anatafuta viatu. Akampigia tena Berthe. "Tunakuja!" alisema kwa furaha, akakata. Akasahau kueleza kwamba mama ni mzima.

Kwa hiyo walipofika Beni, walikuta wakwe wametandika kitanda sebuleni kwa ajili ya mgonjwa. Mama Kavuo alicheka mpaka akashika mbavu.

Baada ya ubatizo, kitanda kile kilipata mtu. Mtoto alilala juu yake ndani ya gauni lake jeupe, na bibi yake alikuwa nje anacheza ngoma.