Kichaka Kilichomuumiza Tunu

Bi Wanu wa Uzini alikuwa na ng'ombe mmoja tu, jina lake Tunu. Kila asubuhi alimkama, akamchemshia maziwa mjukuu wake Sichana, kisha akampeleka Tunu kumfunga kamba penye nyasi.

Kiangazi kile nyasi zilikauka. Pembeni mwa zile eka tatu walizopewa baada ya Mapinduzi palibaki kichaka kibichi chenye maua ya manjano na mekundu. Bi Wanu aliyapenda sana yale maua. Akamfunga Tunu hapo, akaenda zake kutafuta kuni bila wasiwasi.

Haukupita muda Tunu akaacha kula. Macho yakawa ya manjano, ngozi ya pua ikapasuka. Mume wa Bi Wanu, Mzee Machano, asiyeshindwa kutoa sababu ya jambo lolote, akasema ni baridi. Akamtoa bandani, akamwanika juani. Ngozi ikazidi kubanduka. Mzee akanoa kisu, amchinje asije akafa kibudu. Bi Wanu alilia. Akamwomba asubiri, akaenda mbio kumwita Jecha, bwana mifugo.

Jecha alimtazama Tunu, kisha akataka aonyeshwe alipokuwa akifungwa. Akachuma jani la kile kichaka, akalifikicha. Likanuka vikali.

"Bi Wanu, hiki ndicho kilichomuumiza," alisema. "Kinaitwa lantana. Asili yake Amerika, kililetwa kwa uzuri wa maua. Majani yake ni sumu kwa ng'ombe. Ini likiharibika, jua humuunguza ngozi."

Mzee Machano akainama. "Kumbe mie ndo nliyekuwa nkimuunguza."

"Hukujua, mzee wangu. Mrudishe kivulini. Maziwa yake msinywe mpaka apone."

Jecha akamnywesha Tunu mkaa uliosagwa ndani ya maji, uzuie sumu iliyobaki tumboni. Na maziwa ya Sichana akawa anayaleta mwenyewe, kutoka kwa ng'ombe wake.

Kichaka kiling'olewa na mizizi yake, kikachomwa. Mzee Machano akachukua kile kisu, akashuka bondeni kukata nyasi mbichi. Taratibu Tunu akaanza kula, macho yakatakata, ngozi ikaota upya.

Maziwa yaliporuhusiwa, chupa ya kwanza Bi Wanu aliipeleka kwa Jecha. "Mwanangu, sina cha kukulipa," alimwambia. "Nakuombea dua tu."

Kisu kile kingalipo. Mzee Machano humkatia Tunu nyasi nacho kila alfajiri, na Bi Wanu kila akikiona hushukuru.