Matone Matatu ya Machungu

Mvua ililivunja gwaride la Jumapili kwenye kona ya mtaa wa Dumaine, na watu mia wakajitosa katika baa yenye viti kumi na vinane. Matarumbeta yalipitishwa juu ya vichwa, manyoya ya kofia yakadondosha rangi sakafuni, na kila mtu alitaka kinywaji chake kwanza. Nyuma ya kaunta alisimama Odalie Trepagnier, shati jeupe limekunjwa hadi viwikoni, kitambaa cha zambarau kichwani, mikono yake miwili ikifanya kazi ya minne.

Wa mwisho kuingia hakuwa wa gwaride. Numa Doucette, mpiga lipu, alikuwa akitoka kumalizia dari ya jumba la jirani, na vumbi la mikononi mwake lilikuwa limeloa na kugeuka uji.

"Kaka, unanidondoshea ukuta kwenye kaunta," Odalie alimwambia.

"Nipe kitambaa upesi. Ukikauka utahitaji patasi."

"Nikupe na kinywaji?"

"Maji ya soda. Mimi sinywi."

Alisema bila kuinamisha kichwa wala kushusha sauti, na hilo Odalie alilipenda. Alikuwa akimtengenezea mzee mmoja Sazerac, kokteli kali ya wiski. Alitia absinthi, ile pombe ya kijani ya pakanga, tone kubwa kama machozi ya mtoto, akaizungusha glasi mpaka ukuta wake wote wa ndani ukalowa, kisha akaimwaga kwenye sinki.

"Umeimwaga?" Numa aliuliza.

"Nimeimwaga."

"Sasa uliitilia nini?"

"Harufu imebaki. Nisipoitia, huyu mzee atajua kabla hajaonja. Cha kumwagwa ndicho kinachotawala glasi, kaka."

Akageukia maji ya soda ya mgeni wake, akayaona hayana rangi wala harufu. Akachukua chupa ndogo ya machungu mekundu, ile dawa chungu ya mizizi ya kukolezea vinywaji, akadondosha matone matatu. Maji yakawa ya waridi, yakanukia anisi na mizizi ya msituni.

"Hii nini?"

"Dawa ya tumbo. Bibi yangu alitunywesha tukiwa wadogo."

Hakudanganya. Katika mji ule, anayeagiza soda na machungu huhesabiwa miongoni mwa wasiokunywa. Wahudumu wa baa wenyewe huinywa zamu nzima na kurudi nyumbani wakiwa timamu. Odalie hakuwahi kulifikiria jambo hilo mara mbili, kama mtu asivyofikiria chumvi.

Numa alirudi kesho yake, saa tisa mchana. Akarudi na keshokutwa. Mwezi wa pili alikuwa akikalia kiti kile kile, akinywa glasi ile ile, akimtazama Odalie anavyopulizia absinthi juu ya kokteli zake za kisasa kwa kichupa cha marashi.

"Nipulizie na mimi shingoni," alimtania.

"Wewe? Nikupulizie nzi wakupende?"

Mwezi wa tatu walikwenda kula kamba wa mtoni kwa dada yake Numa, Odalie akiwa na gauni la manjano lililowafanya wajomba wote wanyooshe migongo. Simu zao zilikuwa za asubuhi.

"Umeamka, malkia?"

"Bado. Anayeongea ni pacha wangu."

"Basi mwambie pacha nampenda dada yake."

Numa hakumficha lolote. Alikuwa ameacha pombe baada ya kuanguka kutoka kwenye jukwaa la kazi, na kila adhuhuri ya Ijumaa alikaa na kikundi chake katika ukumbi wa kanisa mtaa wa Tremé, wakihesabu siku walizokaa bila pombe. Mlezi wake huko, mzee Septime, alikuwa na sheria moja isiyopinda: ambaye hajatimiza mwaka bila pombe asiwe na mpenzi, asimwone, asiongee naye, maana moyo ulioegemea mtu huanguka pamoja naye. Numa alikuwa amevuka mwaka siku nyingi. Ijumaa iliyokuwa inakuja angepewa sarafu ya kumbukumbu ya siku elfu moja.

Jumatatu ya wiki hiyo, mwezi wa saba tangu mvua ile, alipita jikoni kwa Odalie asubuhi. Mezani kulikuwa na mitungi ya kioo. Odalie alikuwa anaanza machungu yake mwenyewe: maganda ya machungwa, mizizi, magome, karafuu. Alikuwa anaimba. Akainua chupa kubwa na kumimina.

"Hayo maji ya nini?" Numa aliuliza.

"Si maji. Pombe kali. Maji hayawezi kuung'oa uchungu kwenye mizizi."

"Na yale mekundu ya baa?"

Mkono wa Odalie ukasimama hewani.

"Odalie. Na yale mekundu?"

"Matone matatu, Numa. Matatu tu kwenye glasi nzima. Mtoto hawezi kulewa."

"Mimi si mtoto. Miezi saba umenitilia pombe, nami nakushukuru."

"Hakuna mtu mji huu anayeiita pombe. Keki ya dada yako ina ramu zaidi ya hiyo."

"Wewe ndiye uliyeniambia cha kumwagwa ndicho kinachotawala glasi. Leo matone matatu hayana kitu?"

Numa alikaa, akaviweka viganja vyake vyenye chokaa juu ya magoti.

"Unajua kinachoniumiza? Ikifika saa tisa mchana mdomo wangu ulikuwa unangoja. Kila siku. Nilidhani nakungoja wewe."

Odalie aliuliza kwa sauti ndogo, "Ukiyahesabu matone hayo kuwa pombe itakuwaje?"

"Nitaanza upya. Siku ya kwanza. Na sheria ya Septime unaijua."

"Basi usiyahesabu."

Numa aliondoka bila kumbusu.

Siku tatu zilizofuata Odalie alivuruga vinywaji ambavyo mikono yake ilivijua usingizini. Alisahau kumwaga absinthi, wazee wakamrudishia glasi. Alimpigia Numa mara nne. Mara ya nne alipokea, akasema, "Nipo kwenye ngazi," akakata. Alilala na hofu moja tu, kwamba Numa angesema ukweli na yeye angempoteza.

Ijumaa, dakika kumi kabla ya adhuhuri, simu ikalia baani.

"Mpenzi," Numa alisema. Nyuma yake viti vya ukumbi vilikuwa vinapangwa. "Nimeamua. Yale matone hayahesabiki."

Odalie alishika ukingo wa kaunta. Ndiyo maneno aliyoyaombea. "Septime anasemaje?"

"Hajui. Wala hana haja ya kujua. Nachukua sarafu yangu, nakuja, tunakula. Ni kidogo tu, Odalie. Ulisema mwenyewe. Kidogo tu."

Aliifahamu sauti ile. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameisikia kutoka upande wa pili wa kaunta, tamu, yenye haraka, ya wanaume wanaotabasamu huku wakisukuma glasi tupu mbele. Kidogo tu, dada. Ya mwisho. Kazi yake ilikuwa kuijua sauti hiyo kabla mwenyewe hajaijua.

"Bwana Doucette," alisema.

Numa akacheka kidogo. "Mbona unaniita kama mteja?"

"Kwa sababu unaongea kama mteja. Kaunta imefungwa kwako, Numa. Sikupi."

"Hunipi nini? Nimekuomba pombe mimi?"

"Umeniomba niseme kidogo si kitu. Nilishasema mara moja jikoni, nikakosea. Sirudii."

"Unajua unachokisema? Mwaka mzima. Hatutaonana hata kwa bahati mbaya."

"Najua."

"Mwaka ni mrefu. Utapata mtu."

"Huenda nikapata, huenda nisipate. Hilo deni si lako kulibeba leo." Aliisogeza chupa ya machungu mbali. "Ingia ndani uyahesabu. Ukishasema, nipigie iite tu. Sitapokea. Ikiita nitajua."

"Odalie, mama," Numa akaanza, akaacha, akakata.

Ukumbini mzee Septime alimwita kwa jina, sarafu mkononi. Numa alisimama na shati lake la bluu lililopigwa pasi, akazitazama nyuso zilizokuwa tayari kumpigia makofi.

"Irudishe, mzee," alisema. "Leo ni siku yangu ya kwanza."

Viti vikalia. Septime akaitia sarafu mfukoni, akatoa nyingine, nyeupe, ya plastiki, ile ya wanaoanza. "Keti, mwanangu," alisema. "Tueleze."

Baani, saa saba kasoro, alikuwapo mteja mmoja tu, Bi Hermance, mama wa mtaani mwenye glavu za lesi na Sazerac yake ya Ijumaa. Simu ilianza kuita. Ilitetemeka juu ya mbao, ikajikokota hadi kwenye maganda ya ndimu.

"Simu yako, binti."

"Naisikia."

"Si yule mpiga lipu wako?"

"Ndiye."

"Basi pokea, mbona unalia?"

Odalie aliitazama mpaka ikanyamaza yenyewe. Akajifuta macho kwa kiwiko, akachukua glasi safi.

"Nitapokea mwakani, Bi Hermance."