Salamu ya Taa

Wazazi wenzangu wa Kaloleni, na ninyi vijana mnaopenda magari, nisikilizeni kwa upole. Jambo hili bado ni kidonda.

Jumapili ile baada ya ibada tulikuwa uani kwa jirani yangu Morris Mulinge, tukinywa chai na mkewe Rita na binti yao Shanice. Walikuwa wananipeleka Miasenyi, tukamwombee mamake Rita aliyekuwa mgonjwa. Tulifumba macho kuikabidhi safari kwa Mungu. Katikati ya maombi, ekzosi ya gari ikanguruma barabarani.

"Hiyo ni ya Vincent," Morris akanong'ona.

"Ni ya Ndeti, baba," Shanice akajibu, macho ameyafumba. "Ya Vincent inakohoa."

Tukacheka kabla ya kusema amina.

Morris hakuwa mlevi wala mkorofi. Alipenda Subaru yake ya buluu, basi. Alikuwa ameishusha mpaka tumbo likakaribia lami, na nyuma, penye mizigo, akajaza spika. Yeye na wenzake, Vincent na Ndeti wakiwamo, walikuwa na kundi la simu. Mmoja akiona gari la mwenzake mahali popote, hulipiga picha na kuituma humo, sifa zikafuata. Wakikutana barabarani huwashiana taa, hupigiana honi, kila mtu akaenda zake. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao.

Wakati wa kupakia, mkoba wa Rita haukupata nafasi kwa sababu ya spika. Morris akauacha sebuleni, asimwambie mtu. Ndani yake mlikuwa na dawa ya kuvuta ya Shanice, maana mtoto alikuwa na pumu.

Karibu na Miasenyi tulitoka kwenye lami kukwepa lori. Tumbo la gari likagonga jiwe, oili ikamwagika yote, injini ikazima. Vumbi likatuingilia. Shanice akaanza kupumua kwa sauti kama ya filimbi.

"Mkoba uko wapi, Baba Shanice?" Rita akauliza.

Morris aligeuka akaziangalia spika.

Magari yalitupita kwa kasi. Kisha kwa mbali Morris akaona gari la Vincent, nyuma yake la Ndeti, wakielekea Mombasa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Morris akawasha taa na kuzizima, akapiga honi kwa nguvu zake zote. Vincent akawasha taa zake, akapiga honi, akatoa simu dirishani, akapita. Morris akakimbilia barabarani akipunga mikono. Ndeti naye akampungia.

Aliwapigia simu, hawakusikia kwa muziki. Halafu simu yake ikalia. Ilikuwa picha ya gari letu: "Mulinge ameonekana Miasenyi. Kitu safi." Sifa zikamiminika. Mimi nilikuwa nimemshika mtoto, nikiomba mpaka maneno yakaniishia.

Mwishowe dereva mmoja wa lori, Munyoki, alisimama, akatupakia, akageuza kuelekea Voi. Kabla hatujaziona nyumba za mji, ile filimbi ilinyamaza.

Vincent alikuja matangani kwa miguu. Akamwonyesha Morris ile picha.

"Niifute, kaka?"

Morris aliikuza. Nyuma ya kioo ulionekana uso wa Shanice, kiganja chake kikiwa kwenye dirisha.

"Usiifute," akasema. "Hatuna nyingine ya karibuni."

FUNZO

Ndugu zangu, kulipenda gari si dhambi. Lakini gari la nyumbani litengenezwe kwa ajili ya wale linaowabeba, na dawa ya mtoto ipate nafasi kabla ya muziki. Tena ukiona gari la rafiki yako kando ya njia, usitosheke na rangi yake. Simama, ushuke, uangalie walio ndani.

Vincent sasa husimama kwa kila gari lililokwama. Morris huyasikia magari yakipita, na hataji tena ni ya nani. Nimewaombea wote wawili. Sijui niombe nini zaidi.