Anshel Alikula Nyama Wapi

Ilikuwa Ijumaa ya Oktoba, soko la Antwerp limefurika Wayahudi wanaowahi kununua vya Sabato. Perla Grinwald alimwona mwanamume akijaza mfuko viazi vichanga vyenye maji, akashindwa kunyamaza.

"Kaka, hivyo ni vya kuchemsha. Ukivikwaruza ukavikaanga utapata uji."

"Nani kakwambia nakaanga?"

"Umemwambia muuzaji unataka vya latke. Nimekusikia."

Mwanamume akageuka. Alikuwa mrefu, koti la buluu lina doa la grisi kiwikoni, kofia ndogo imeshikiliwa kisogoni na kibanio kimoja. "Kumbe wewe ndiye askari wa viazi, dada."

"Mimi nauza miwani. Lakini marehemu mama yangu alikuwa akikaanga latke zake, vichapati vyembamba vya viazi, kwa mafuta ya bata bukini, ukiuma jirani anasikia. Miaka minne sijaonja kama zile."

Mwanamume akarudisha viazi vyake, akachukua alivyoonyeshwa. Jina lake Anshel, fundi baiskeli. Alipoomba namba ya simu, Perla akampa, ingawa alikuwa ameapa kutompa mtu tena. Aliwahi kuvishwa pete na jamaa mmoja ambaye mwaka mzima alikuwa "kazini", kumbe ana mwanamke wake Brussels. Tangu hapo neno kazini lilikuwa likimwasha masikioni.

Basi yakawa mapenzi, simu asubuhi, simu jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Mkate na jibini."

"Na jana?"

"Jibini na mkate. Nilibadilisha."

Perla alicheka, maana Anshel hata yai alikuwa haliwezi. Karakana yake haikuwa na jiko, na nyumbani jiko lake lilikuwa la kuwekea barua.

Wiki moja kabla ya Hanuka, sikukuu yao ya mishumaa ya siku nane, Perla akamwalika jioni ili aonje latke za majaribio. Alikuwa amevaa gauni lake la kijani na hereni za mama yake. Usiku wa tano wa sikukuu Anshel angekaa meza moja na Baba, Mzee Zelik, na kukaa huko si mchezo, ni kuposa. Akamwekea sahani, na juu yake mtindi mzito kama anavyofanya siku zote.

Anshel akaangalia mtindi, akasogeza sahani. "Siwezi, kipenzi. Nimekula nyama saa kumi na moja."

Na kwa sheria ya dini yao, mtu aliyekula nyama hagusi maziwa mpaka zipite saa sita nzima. Hilo Perla hakuhitaji kukumbushwa.

"Nyama ulikula wapi?"

"Kazini."

Perla akaweka mwiko chini. "Karakana imepata jiko?"

"Mtu kaniletea."

"Mtu gani? Na hivyo vidole vimefanya nini?" Vifundo vyote vya mkono wake wa kulia vilikuwa na mikwaruzo myembamba, imejipanga.

"Paka."

"Paka wa nani, Anshel? Huna paka."

Akaanza kuongea habari za baiskeli. Ee, mwanamume huyu hata kusema uongo hakufunzwa. Alipoinama kufunga viatu, sweta lake lilinuka kitunguu cha kukaanga. Kuna jiko mahali fulani, Perla akawaza, na kwenye jiko hilo kuna mwanamke mwenye kucha.

Kesho yake saa kumi na moja akampigia. Simu ikapokelewa, na kabla Anshel hajasema kitu, sauti ya kike ikasikika nyuma yake: "Njoo, inapoa."

"Nani huyo?"

"Nitakueleza usiku wa tano. Niamini tu, Perla."

"Nilishamwamini mwenzio. Usiku wa tano usije."

Akakata. Akalia jikoni, uso ndani ya taulo la vyombo ili Baba asisikie. Mzee Zelik alisikia, akaongeza sauti ya redio kwa heshima.

Usiku wa tano mishumaa ikawashwa dirishani, mitano na wa kuwashia. Mezani kulikuwa na latke za Perla, bakuli la mtindi na viti viwili. Kengele ikalia.

Anshel alisimama mlangoni, suti imemkaa vibaya, mikononi trei iliyofunikwa kitambaa. Nyuma yake alihema kikongwe mmoja mwenye koti la manyoya. Perla alimtambua: Bi Gitl, aliyekaa mlango wa pili na mama yake miaka thelathini kabla hajahamia ng'ambo ya bustani.

"Nilimtengenezea gurudumu la kikapu chake cha sokoni," Anshel akasema. "Nikamuuliza kama aliwahi kumjua mama yako."

"Wiki tatu namfundisha latke za mama yako, ananimalizia viazi," Bi Gitl akadakia. "Kila akikwaruza anajikwaruza na yeye. Kikaango cha kwanza kilitoka matope. Na lazima aonje, anasema, na ukionja mafuta ya bata bukini ushakula nyama."

Harufu ilishamfikia Perla. Akafunua kitambaa, akachukua moja akiwa palepale mlangoni, akauma. Pembeni pakavunjika kwa mlio, ndani laini, na kitunguu chake ni kile kile. Machozi yakamtoka mbele ya watu wote.

"Haya," Baba akaita kutoka mezani. "Nyama na mtindi havikai pamoja hapa. Mmoja wenu aondoe vyake."

Perla akabeba bakuli la mtindi, akabeba sahani yake aliyoikaangia mchana kutwa, akavirudisha jikoni. Akavua kitambaa cha meza. Kabatini akatoa kile cha mlo wa nyama, cha mama yake, ambacho hakikukunjuliwa tangu msiba, akakitandika na kukinyoosha kwa viganja. Kisha akaongeza viti viwili.

"Bi Gitl, karibu. Wewe Anshel, kaa hapa. Na mwaka kesho utakwaruza humu humu, mbele ya macho yangu. Sitaki kusikia habari za paka."

Baba akawatazama wote wawili. "Hiyo ndiyo posa?"

"Ndiyo, Baba," Perla akasema, akamsogezea Anshel sahani.